Mlima Metro Nyuma ya Uzio wa Nettie

Jumatatu, 9 Januari

Daktari kasema niandike kila siku, mkono usigande. Haya, naandika. Lakini mkono haujaganda! Leo nimepigilia vigingi vya chuma saiti nzima katika baridi ya kupasua mawe. Vijana walikuwa wakikimbilia kibanda cha kuotea moto, mimi nikabaki nje. Uliza mtu yeyote mjini Winnipeg nani kapanga saiti nyingi kuliko Metro Kostyniuk. Watakuambia hakuna. Wengine watakuambia kwa kinyongo, lakini watakuambia.

Tunajenga nyumba ya wazee, ghorofa sita. Mimi fomeni wa uwanja. Injinia mpya. Binti wa Kifilipino, Marivic Dalisay, mdogo wa mwili, buti zinamzidi. Kaja na ramani ya mahali kila kitu kitakapokaa. Kreni hapa, nondo pale, choo, ofisi, lango — mpaka mahali pa kurundika theluji. Theluji! Nani alishawahi kuchora theluji?

Jumanne, 10 Januari

Ugomvi wa lango. Nimeshinda.

Marivic anataka malori yaingie kwa kichochoro cha nyuma, yatokee barabara kubwa, yasirudi kinyumenyume. Anasema mbele kuna kituo cha basi na nyaya za umeme. Sawa, vipo, nina macho. Lakini kichochoro hicho kinapita chini kabisa ya dirisha la jiko la Nettie Bodnar.

Nettie ni mjane. Alikuwa rafiki wa marehemu mke wangu, Olga. Mumewe Steve, jeneza lake nililibeba mimi. Nyumba yake ni kongwe, lori la taka tu likipita, vikombe vinalia kabatini. Na mwanawe Darcy, aliyeko mji wa mbali wa Calgary, kila akipiga simu wimbo ni ule ule: Mama, nyumba hiyo ikileta balaa moja tu tena, nakuja kukuchukua. Nettie hataki Calgary. Anangoja chumba kwenye nyumba yetu hii hii ikiisha, akae juu dirishani aitazame bustani yake. Kashajiandikisha. Basi balaa lisimpate kabla ya hapo. Ndiyo maana nikasema lango liwe mbele!

Marivic akasema, "Mzee Metro, lango likiwa mbele, malori yatageukia ile kona yenye mtaro. Hiyo ndiyo niliyoitengea theluji. Sasa theluji iende wapi?"

Nikamwambia nyuma ya uzio wa Nettie, pako wazi.

"Pale pana mteremko kwenda kwake."

"Binti, theluji haina miguu."

"Maji yanayo, Mzee."

Watu wakacheka. Nikapaza sauti kidogo. Bosi Lyle katoka ofisini na kahawa yake, kasema Metro alikuwa anapanga saiti wewe hujazaliwa, mwache. Mambo yakaishia hapo.

Marivic kachora ramani upya, kaandika jina lake chini kama inavyotakiwa. Hakununa. Hilo silipendi. Nikimshinda mtu nataka anune.

Ijumaa, 13 Januari

Malanka! Mkesha wa mwaka mpya wetu Waukraini, kwa kalenda ya zamani. Ukumbi wa kanisa ulijaa, soseji, kabichi, akordioni. Nikamwambia Nettie: Hadi nyumba ile iishe, kikombe chako hakitatikisika. Ni neno langu.

Kasema, "Metro, wewe ni kama yule mbwa wa Steve. Unabweka kwanza, unatazama baadaye."

Lakini alicheka. Tukacheza mara moja. Magoti yangu yalilia, ila akordioni ilikuwa na kelele zaidi.

Alhamisi, 2 Februari

Theluji juu ya theluji. Ambrose ndiye dereva wa tingatinga, Mkrii, mwenyeji wa asili wa kaskazini, mtani hatari. Anaikokota theluji yote ya saiti hadi nyuma ya uzio wa Nettie. Imepita uzio. Imepita paa la ofisi. Leo kapanda juu kabisa, kachomeka ufagio na kizibao cha rangi ya chungwa kama bendera. Kapiga kelele: "Mabibi na mabwana, Mlima Metro!" Sasa hata madereva wa malori wanauita hivyo. Kuna watu wamejenga madaraja, hakuna hata kijiwe chenye jina lao.

Kila Alhamisi wanawake wa kanisa wanafinyanga pirohi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha. Nettie kaleta sufuria kwa lango la mbele, pirohi za viazi, vitunguu vya kukaanga juu. Vijana wakasahau baridi. Kaniambia vikombe kimya kabatini, hata kijiko hakijalia. Nilimwambia nilishakuambia.

Marivic alikula nyingi kuliko Ambrose. Sijui anaweka wapi.

Lazima niandike na hili, hakuna atakayeona: kreni kaiweka vizuri. Mkono wa kreni unafika kwenye nondo, unafika kwenye mbao, na haupiti juu ya kituo cha basi wala juu ya paa la mtu. Mimi ningeiweka upande wa pili. Sikumwambia.

Jumatano, 22 Machi

Bado baridi, ardhi chuma kitupu. Malori yanapita kama yako juu ya lami. Mimi husema kila mara saiti nzuri ni ya majira ya baridi, hakuna tope.

Marivic anazunguka mlima na fimbo. Anataka tukodi malori, theluji yote itolewe kabla haijayeyuka. Bosi Lyle kasema, muulize Metro, mlima ni wake. Nikasema kazi bure. Jua litaula taratibu kama bibi anavyokula keki. Marivic kanitazama. Kasema, "Na kama jua likija na njaa?"

 Ambrose alijibu badala yangu: "Basi tutauza tiketi za mashua." Nikacheka. Tulicheka wote isipokuwa yeye.

Jumatatu, 10 Aprili

Jua limekuja na njaa.

Jumamosi tulikuwa bado na makoti mazito. Leo watu wanatembea na mashati. Saiti nzima inadondoka, inatiririka. Juu ni maji, chini bado barafu, ardhi haimezi hata tone. Maji yanaingia wapi? Yanafuata mteremko.

Nettie alipiga simu asubuhi. Sauti ya chini sana, hakupiga kelele. "Metro, njoo uone chumba changu cha chini." Nilienda mbio, mimi na mapafu haya! Ukuta wa upande wa saiti unatoa jasho. Kwenye pembe, maji yanabubujika kama chemchemi. Mitungi yake ya achari, kiazisukari chekundu na matango, imeshalowa miguu. Na tanuru la kupasha nyumba joto liko pale pale sakafuni. Maji yakiingia ndani ya tanuru, limekufa. Nyumba haina joto na usiku bado ni baridi. Darcy atakuwa hapa kesho yake na gari, na mama yake atapandishwa.

Nimepeleka pampu ya saiti. Nimeikokota mwenyewe.

Jumanne, 11 Aprili

Siku mbaya. Pampu inatoa, ukuta unaingiza. Ngoma droo. Nimechora mstari kwa penseli ya seremala kwenye mguu wa tanuru, karibu na mlango wake wa chini. Maji yakivuka pale, basi.

Marivic alikuja pale chini na buti zake. Alipima, akagusa ukuta, akasema pampu haitoshi, chanzo kiondolewe. Mlima wote. Nettie alikuwa amesimama ngazini na kitambaa chake kichwani. Kauliza taratibu kabisa:

"Nani aliyeamua theluji iwekwe pale?"

Pampu ilikuwa ikinguruma. Nilijifanya ninanyoosha mpira wa maji. Mpira haukuwa na kasoro yoyote.

Marivic akasema, "Ramani ina jina langu, Mama Bodnar."

Ni kweli, ina jina lake. Hakunitazama. Hata kunitazama tu! Nettie akasema haya, akapanda juu.

Nimerudi nyumbani. Nimepasha supu, sikuila. Olga angeniambia nini? Najua angeniambia nini.

Jumatano, 12 Aprili

Marivic kanisubiri langoni asubuhi. Kasema malori ya kubeba theluji hayawezi kuufikia mlima kwa mbele, nondo na mashimo ya msingi yamekaa kati. Njia ni moja. Kichochoro. Uzio wa Nettie ung'olewe upande mmoja, malori yapite pembeni ya bustani yake, chini ya dirisha. Njia ile ile ya ramani yake ya kwanza. Hakusema hivyo, ni mimi ninasema.

Lazima Nettie akubali. Marivic akasema atakwenda kumwomba. Nikamwambia kaa hapa. Nitakwenda mimi.

Nettie alikuwa anakanda unga wa paska, mkate wa Pasaka. Jumapili ndiyo Pasaka yetu. Mikono nyeupe mpaka viwikoni. Sikukaa. Nikamwambia: Ramani ina jina la Marivic, lakini mlima una jina langu. Yeye alikataa. Mimi nilipiga kelele mpaka akanyamaza. Na jana nilinyamaza mimi.

Aliendelea kukanda. Halafu kasema, "Nilijua."

Ulijuaje?

"Januari ulikuwa unapayuka karibu na uzio wangu, Metro. Mtaa mzima ulisikia. Theluji haina miguu! Hata paka alisikia."

Basi mbona jana uliuliza nani?

"Nilitaka kuona kama unao mdomo wa kusema na hilo."

Nikatazama sakafu. Nikamwambia kuhusu uzio. Nikamwambia malori, na kitunguu saumu alichopanda kabla ya theluji, na vikombe. Hasa vikombe. Nilimpa neno langu.

Akapangusa mikono. Akafungua kabati, akatazama vikombe vyake, vile vyenye maua mekundu alivyoozwa navyo. Akafunga. Kasema, "Ng'oa. Lakini kitunguu saumu nitakihesabu."

Uzio niliung'oa mwenyewe. Ambrose alitaka kusaidia, nikamwambia shika upande wa pili tu na usiseme neno. Hakusema. Ila alishusha ule ufagio na kizibao kutoka kileleni, akaviweka ndani ya lori la kwanza, taratibu, kama anashusha bendera ya jeshi. Mpumbavu yule. Nilishukuru.

Marivic alisimama kichochoroni akiongoza malori kwa mikono. Nilipita karibu yake. Nilitaka kusema kitu. Nilichosema ni kwamba lori la pili limekaa kushoto mno. Akasema, "Asante, Mzee." Likasogea kulia. Lilikuwa limekaa vizuri tu.

Alhamisi, 13 Aprili

Naandika nikiwa ngazini kwa Nettie, chumba cha chini. Mtu lazima aiangalie pampu na mstari, na hakuna mwenye macho kama yangu. Mchana, lakini humu giza, nimewasha taa ya mkononi.

Maji yamegusa mstari. Hayajavuka. Yamegusa, yamekaa.

Harufu ya paska inashuka mpaka huku. Alioka hivyo hivyo! Nilimwambia Nettie, nyumba inazama wewe unaoka? Kasema, "Kristo hatangoja pampu yako ndipo afufuke."

Malori yanapita tangu asubuhi. Kila moja likipita, nyumba inatetemeka toka msingi, na juu ya kichwa changu vikombe vinalia kabatini. Vyote. Vinacheza kama siku ya Malanka. Kelele niliyoapa haitasikika. Sijapata kusikia kelele nzuri kama hiyo. Kila vikilia, ni kipande cha mlima kinaondoka.

Marivic alishuka muda si mrefu. Katazama mstari. Kasema wamebeba zaidi ya nusu, ila jua limezidi na kichochoro kinaanza kulainika, anaweka mbao chini ya magurudumu. Nikamwambia chukua zile nene zilizo nyuma ya kreni, mahali ulipoziweka wewe. Pazuri pale. Panafikika. Nimemwambia hivyo, pazuri pale. Akasimama kidogo na tochi yake. Kasema, "Mzee, unaumwa?" Akapanda mbio.

Simu imelia juu. Ni Darcy, najua kwa jinsi Nettie anavyopaza sauti, kama Calgary iko ng'ambo ya mto. Nasikia upande wake tu.

Kasema ndiyo, joto limekuja ghafla. Kasema paska imeumuka vizuri. Kasema kelele? Malori hayo, mwanangu, wanajenga, ulifikiri wanajenga kimya kimya? Halafu akasikiliza. Najua kaulizwa nini.

"Chumba cha chini? Kukavu kabisa. Metro yuko huko anatazama."

Mwanamke asiyekosa kanisani, na wiki ya Pasaka! Kanidanganyia. Miguu yangu iko majini hadi kifundoni, na yeye anasema kukavu.

Pampu imekohoa. Nimeipiga teke, imerudi.

Mstari — bado umeguswa. Si juu, si chini.

Nettie bado anaongea. Anamwambia asije, hakuna haja, kuna watu huku.

Ngoja.

Vikombe vimenyamaza. Ni muda sasa, hakuna lori lililopita. Nasikia Ambrose anapiga kelele kichochoroni, na injini ya lori inalia, inalia, lori halisogei; limezama topeni, na mlima haujaisha.

Nettie kakata simu. Kasimama juu ya ngazi. Anasikiliza na yeye.