Akala za Babu na Goti Langu

Kanamkemer, Alhamisi

Dada Akaale, ejok?

Sijamwambia mtu mwingine: goti langu la kulia limevimba tangu mazoezi ya Jumatatu. Nalificha kwa sketi ndefu.

Hapa kila mtu anatabiri mechi yetu na nyinyi wa Kakuma. Jana Babu alivua miguuni akala zake za tairi, akazirusha juu, akatazama zilivyoanguka, akasema Lodwar tutashinda. Kaka yangu Ekiru alikuwa amepiga hesabu ya mabao ya msimu mzima kwenye simu. Nayo ilitupa ushindi, kwa sababu mabao mengi ni yangu.

"Babu, akala zinajua ofsaidi?" Ekiru akamtania.

"Na hiyo simu yako imewahi kutazama miguu ya mchezaji?"

Nilivuta sketi nikatoka nje. Siwezi kutulia mahali.

Jumamosi, kwenye mechi hiyo, kocha wa chuo kimoja cha Kitale atachagua mchezaji mmoja asomeshwe bure. Tangu nimalize shule sijaona nafasi nyingine, kwa hiyo nitacheza, na nitapiga kwa mguu wa kushoto tu.

Najua wewe ndiye kipa wa Kakuma. Tafadhali usiwaambie mabeki wako, na wewe mwenyewe ujaribu kusahau.

Mtoto wa shangazi yako,
Akuwam