Mashua Niliyomchagulia Mama

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka hapa Katonga, ufukweni, nimekalia ndoo ya dizeli iliyopinduliwa, karatasi iko juu ya goti. Lile goti lako la kushoto linaendeleaje? Na michikichi, umepata mtu wa kukukatia mikungu, au bado unapanda mwenyewe na umri huo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na sina haja ya kukuficha.

Najua habari ya Mama imekwisha kufika huko. Mchuuzi wa chumvi aliyevuka mpaka aliniahidi kukuambia kwa mdomo wake, maana msiba haufai kusomwa kwanza kwenye karatasi. Lakini yeye anajua tu kwamba Mama amefia Kagunga. Hajui kwa nini mwanao, mwenye mashua mkononi, hakuwahi kumfikia. Hilo ni langu kulieleza, na naomba ulisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Nilikwisha kukuandikia kwamba nimepata kazi kwa Mzee Sudi wa Ujiji, mwenye mitumbwi ya dagaa. Ndiyo ndagala zetu hizo hizo, hapa wanaziita dagaa. Basi Mzee Sudi alitaka kununua mashua moja ya injini ya dizeli, ya kuvuta mitumbwi na kuleta samaki hata ziwa likichafuka. Akaniambia, "Fundi, wewe ndiye unayejua injini. Nichagulie. Ukishaichagua, safari yake ya kwanza ni Kagunga, ukamchukue mama yako." Kutoka Kagunga kuja mjini hakuna barabara, ni ziwa tu, nawe unajua Mama alivyoliogopa ziwa. Nikamtumia neno: avuke mpaka, akifika Kagunga aniandikie, nitakuja. Tangu siku hiyo sikuwa nachagua mashua ya dagaa tena. Nilikuwa namchagulia Mama.

Zilikuwa mbili. Ya kwanza ndefu, nyembamba, rangi ya buluu bado inanukia, injini ina nguvu za kutosha kuvuta kanisa. Katonga nzima waliipenda. Mimi nikatazama tumbo lake nikaona ni bapa. Mawimbi ya ziwa letu ni mafupi, halijashuka moja la pili limekwisha panda, na chombo chenye tumbo bapa hupigwa chini kila mara mpaka mbao zinaachia. Ya pili ilikuwa kuukuu, ya mbao za mvule, pana, tumbo limezama ndani, pua imeinuka juu. Injini yake ndogo imekaa katikati, na inawashwa kwa hendeli, haiombi betri.

"Hiyo ajuza?" Mzee Sudi akauliza.

"Ajuza hazami," nikamjibu, akacheka, akainunua.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ila nilibaki na shaka moja. Injini ikiwa moja, haina mwenzake. Ikizima katikati ya mawimbi ndiyo basi tena, mnageuzwa ubavu. Tangi la zamani huwa na takataka chini. Maji yakitulia zinalala, yakichafuka zinapanda kuziba mrija. Pale ufukweni ilinguruma vizuri, lakini ufukweni kila injini ni nzima.

Jumanne jioni mvuvi wa Kagunga akaniletea kipande cha karatasi. Mama alimwomba mtu amwandikie, na maneno yalikuwa manne tu: "Mama Kagunga ejo. Njoo."

Mzee Sudi, ambaye Kiha chake, ndugu wa lugha yetu, ni cha sokoni tu, akaniuliza ejo ndiyo lini. Nikasema kesho.

"Basi ondoka sasa hivi, ziwa limelala. Ukamngoje huko."

"Hafiki mpaka kesho, Mzee. Nipe hiyo kesho niijaribu kwenye upepo, niondoke keshokutwa. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema. Sikumsikiliza. Wewe unanijua, nikishika jambo langu siachii.

Jumatano upepo ukaja, nikaitoa. Ikazima mara mbili, vile vile nilivyoogopa. Nikashusha tangi, nikalisuuza, nikabadili mrija, nikarudi mawimbini, na safari hii ikaenda mpaka jua likaegemea Kongo bila kukohoa. Nilifurahi, Baba. Nilipiga mluzi nikirudi. Nikatandika hata mkeka pale karibu na injini, penye joto, ili Mama asipate baridi.

Alhamisi alfajiri nikaondoka. Ajuza alipanda mawimbi vizuri njia nzima. Nilipokaribia Kagunga kulikuwa na watu wengi ufukweni, watu wa kwetu waliovuka mpaka kama Mama, na mama mmoja mtu mzima akaingia majini mpaka magotini, akaniuliza kabla hata sijafunga kamba, "Wewe ndiye Melkiadi?" Nikaitika. Akanishika mkono, akasema, "Ihangane, mwanangu." Mtu wa kwetu akikwambia uvumilie kabla hajakusalimu, hakuna cha kuuliza tena.

Mama alifika Jumatatu. Walinyeshewa njia nzima, kifua kikambana, homa ikampanda. Alifariki Jumatano mchana, na Alhamisi asubuhi wakamzika bila kuningoja, maana watu walikuwa wengi na hapakuwa na pa kumweka. Nilikuta udongo bado mbichi.

"Mbona mliniandikia kesho?" nikamuuliza yule mama.

"Hatukuandika kesho. Tuliandika Jumanne, tukasema amefika ejo. Jana, mwanangu." Kisha akaongeza taratibu, "Kila injini iliyosikika ziwani alikuwa anauliza kama ni wewe."

Baba, lugha yetu ina neno moja kwa jana na kwa kesho, na nyumbani kwetu lilikuwa mchezo. Mama akikuuliza utaezeka lini paa la jikoni, unajibu ejo. Siku zikipita anauliza tena, unasema hukumdanganya, hukutaja ejo ipi. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Bwana Ejo, ndivyo alivyokuita. Nimekulia ndani ya utani huo, mimi wa kwanza kujua kwamba neno hilo lina pande mbili, halafu karatasi ikaja nikachagua ejo iliyonifaa, kwa sababu nilitaka siku moja zaidi na mashua yangu. Jumanne ile ziwa lilikuwa tuli. Hata ile ya buluu ingefika.

Alikuja na spana zangu. Zote kumi na mbili, amezifunga kwenye kitenge, amezibeba kichwani kutoka nyumbani. Niliandika mara moja tu kwamba huku naazima spana za watu. Sasa ziko ndani ya mashua, na kila nikiishika moja nalia, wenzangu wanajifanya hawaoni.

Kaburi liko juu kidogo ya nyumba za mwisho. Nimelizungushia mawe na kusimamisha msalaba wa mvule.

Nisalimie dada Nestoria anayekupikia. Asijilaumu kwamba alimsindikiza Mama nusu ya njia tu. Nisalimie shangazi Veronika, mwambie asikae peke yake siku hizi. Na Mzee Barnaba aliyenifundisha injini, mwambie tangi lilikuwa na uchafu kweli. Sijui kama atafurahi.

Baba, jambo la mwisho. Nestoria ameniandikia kwamba kila akikuuliza utavuka lini, unajibu ejo. Naomba usinijibu hivyo mimi. Mzee Sudi amesema siku yoyote nitakayoitwa mashua ni yangu. Ukiamua, niandikie jina la siku: Jumatatu, Ijumaa, yoyote ile. Sitaijaribu injini, sitangoja upepo, nitaondoka nikimaliza kusoma. Lile neno letu tumwachie Mama.

Leo ni Jumapili.

Mwanao,
Melkiadi