Kanga Nyuma ya Tangi la Samaki

Kwako Bi. Bimdogo, mshauri wetu,

Shikamoo, na pole kwa kazi ya kusoma shida za watu. Mimi nahitaji msaada wako katika jambo la samaki, na kidogo pia katika jambo la ndoa, ila la samaki ndilo la haraka.

Mimi ni karani katika ofisi moja ya mambo ya pamba hapa Mwanza, ninakaa Kirumba na mke wangu Kija, mtu wa Magu, na mwaka jana Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao aliniita nyumbani kwake akaniachia tangi lake la kioo la kufugia samaki, refu kama meza, akasema, “Litunze,” nami nikalitunza, nikaliweka sebuleni mahali palipokuwa na kabati la vyombo la mke wangu, na kabati nikalihamishia jikoni ambako, kusema kweli, ndiko vyombo vinakotumika. Mvuvi mmoja akaniletea ndani ya debe furu kadhaa wazima, wale wadogo wa ziwani, weusi wenye wekundu mabegani na manjano tumboni, pamoja na sato wawili, samaki ambao watu wa hapa kwetu huwala tu bila kuwatazama.

Sasa Bi. Bimdogo, wewe ni mtu uliyesoma, unajua kwamba tangi lisilo na mandhari ya nyuma ni ndoo tu, maana ukimtazama samaki unaona ukuta na mwavuli uliotundikwa msumarini. Mzungu alikuwa amebandika nyuma picha ya milima ya theluji na miti ya kwao, nami niliipenda sana, lakini jirani yangu Shaibu, fundi cherehani, aliingia siku moja akatazama akasema, “Hawa samaki wetu umewapeleka Ulaya bila koti?” na kwa kuwa Uhuru ulikuwa unakaribia nikaona si vizuri, nikaibandua. Nikaweka karatasi ya kaki, samaki wakaonekana kama wamo ndani ya bahasha. Nikapaka kioo masizi ya sufuria, furu wale weusi weusi wakapotea kabisa, nikabaki natazama macho tu yakipita. Jioni zote hizo nilikaa mbele ya tangi nikifikiri, na mke wangu badala ya kunisaidia aliniuliza, “Wakishapendeza, wataenda wapi?” nikamwambia aende akapike.

Ikafika siku ya kuamkia Uhuru. Akina mama wa Kirumba walikuwa wamenunua kanga za sare, buluu iliyokolea, ili waimbe uwanjani, na Kija ndiye aliyechaguliwa kuuanzisha wimbo, na tangu mvua za vuli zianze aliuimba akichota maji, akipepeta mchele, hadi na mimi ukanichosha. Siku hiyo alikwenda mazoezini, doti yake mpya akaiacha imekunjwa juu ya kitanda. Nilipoiona ile buluu moyo wangu uliruka, maana kwa rangi nyekundu na manjano hakuna mandhari inayozidi buluu, nikachukua mkasi nikakata katikati, pale pasipo maua, kipande cha kutosha kioo, na si kwamba sikumfikiria, kwa sababu nilikata kanga moja tu nikamwachia ya pili, na hata hiyo moja yale maneno yake ya chini, “Siku njema imefika,” niliyaacha salama kabisa. Nikabandika kwa gundi. Bi. Bimdogo, samaki waliwaka kama taa.

Aliporudi akasimama mlangoni akatazama tangi, kisha akaingia chumbani akatoka na kanga yenye dirisha.

“Umekata kanga yangu?”

“Kipande cha katikati tu.”

Akakaa chini. “Kesho, mume wangu,” akasema. “Ni kesho.”

Nikamweleza kwa upole kwamba Uhuru uko moyoni, hauko kwenye nguo.

Kesho yake mimi nilikuwa mbele pamoja na makarani wenzangu, wakaja akina mama wamependeza, nikamtafuta Kija mbele nisimwone, na wimbo ukaanzishwa na mwingine anayeitwa Mwanabaraka, ambaye sauti yake si mbaya. Baadaye ndipo nilipomwona kule nyuma ya watu, amevaa kanga yake iliyopauka, anapiga makofi. Nikaja kusikia kwamba aliwaambia wenzake kanga imeliwa na panya, jambo lililonifurahisha, maana lilionyesha kwamba hana kinyongo. Na kweli, tangu siku hiyo hakunisemesha kwa ukali, wala kwa namna nyingine yoyote, nyumba ikawa na amani.

Kwa amani hiyo nikamwalika Bwana Masalu, mkuu wetu mpya wa ofisi, mwenyeji wa Buswelu, aje Jumapili ale nasi na kuona tangi. Nilirudi naye kutoka kanisani, na tangi nilikuwa nimelifunika shuka tangu asubuhi ili nilifunue baada ya chakula, kama mambo makubwa yanavyozinduliwa. Kija akampokea mgeni kwa heshima zote, akamnawisha mikono, akaleta ugali, sato wawili wa kukaanga na bakuli la furu wa mchuzi wa nyanya, tukala.

“Mama, samaki hawa ni watamu,” Bwana Masalu akasema. “Umewapata wapi?”

“Hapahapa nyumbani, mgeni wetu,” mke wangu akajibu, nami nikadhani ni lugha ya ukarimu, nikaongeza mchuzi.

Tukanawa. Nikasimama, nikasema maneno machache kuhusu maendeleo, nikavuta shuka. Maji yalikuwa safi, na nyuma yake buluu inang’aa, na hapakuwa na kitu kingine. Bwana Masalu akainama, akazunguka upande wa pili, akauliza, “Wako wapi?”

Kija alikuwa anakusanya sahani. Akasema, “Mandhari hiyo hapo. Samaki mmewala.”

Mkuu wangu alicheka mpaka akatafuta kiti, na siku hizi kila asubuhi ofisini ananisalimu, “Habari za ziwani?” Na mke wangu aliosha vyombo vyote, akafunga mzigo wake, akapanda basi la Magu. Nimemwandikia barua kwa moyo wa kumshirikisha nikamwuliza, kwa samaki wapya nitakaowapata, yeye anapendekeza buluu ileile au kijani cha majani. Hajajibu.

Naomba unieleze, kwanza, ni mandhari gani inayofaa, na pili, kati yangu na yeye nani atangulie kuomba radhi, maana yeye amekosea mbele ya mgeni.

Ni mimi,
Mpenda Samaki, Kirumba.

*

Ndugu Mpenda Samaki,

Marahaba. Jina lako umelificha vizuri, la mkeo ukaliandika kwa wino mzito. Humu gazetini nimelibadilisha, wala si kwa ajili yako.

Pole nakupa moja, kwa kuwa nyumba iliyokimbiwa ina baridi hata Kirumba. Pole nyingine zote ni za mkeo.

Unauliza mandhari. Nakujibu kwa sababu umeuliza: buluu ilifaa. Macho yako ni mazima. Uliona samaki wanataka rangi gani, ukaona mpaka sehemu ya kanga isiyo na maua. Ila mtu aliyekuwa akiimba ndani ya nyumba yako tangu vuli hukumwona, ukasema amekuchosha. Kanga ya sare si kitambaa, bwana. Ni nafasi ya mtu katika mstari. Ulipoikata ulimtoa Kija mstarini, na usiku ule ukamfariji kwa hotuba.

Eti hana kinyongo kwa kuwa alisema ni panya! Isome tena barua yako. Siku ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayeiona tena alisimama nyuma ya watu na nguo iliyopauka, akakubali wenzake wamwone mzembe asiyeweza kutunza kanga mpaka kesho yake, ili wewe usichekwe. Kirumba nzima inajua kwamba nyumba ya Kija ina panya. Na kweli yumo, tena anavaa tai.

Ukimya wake ukauita amani. Mke anayekuambia “umenikosea” bado anakutegemea. Aliyenyamaza anapanga mzigo.

Sisemi kwamba yeye hana kosa. Mgeni hakuwa na hatia, na kumlisha mtu maonyesho aliyoalikwa kuyatazama si adabu. Akirudi nitamwambia mwenyewe. Lakini usinililie sato. Sato wamezaliwa kuliwa, na kwa maelezo yako waliiva vizuri.

Mzungu wako alikuambia ulitunze tangi. Siku ya harusi uliambiwa umtunze nani? Kwa hiyo swali la nani atangulie halina mjadala: ni wewe.

Sikiliza sasa, ufanye kwa utaratibu huu. Toa maji, toa tangi sebuleni, mpe anayelitaka, au liweke uani kuku wanywee. Kabati la vyombo lirudi mahali pake kabla mwenye kabati hajarudi. Usikimbilie dukani kununua kanga nyingine ukidhani umemaliza. Ile ilikuwa ya siku moja, na siku hiyo haiuzwi.

Kisha nenda kwa akina mama wa Kirumba wanapokutana, hao walioimba. Usimtume Shaibu. Simama mbele yao uwaambie kwamba hapakuwa na panya, mkasi ulikuwa wako, na ueleze kanga ilikwenda wapi. Watacheka sana, pengine kuliko mkuu wako. Subiri wamalize. Ukitoka hapo utakuwa umempunguzia mkeo mzigo alioubeba kwa ajili yako, na hiyo ndiyo zawadi ya kwenda nayo Magu.

Usitangulize barua tena. Ile moja inatosha kwa maisha yenu yote. Chukua mtu mzima wa ukoo wako, mpande basi Jumamosi. Msalimu baba mkwe, kaa utakapoonyeshwa, nyamaza mpaka uulizwe. Ukiulizwa, sema ulichofanya tangu mwanzo hadi mwisho bila kutia “lakini”. Kija akitoka, usimwulize atarudi lini. Mwombe radhi, unyamaze tena.

Akisema hajawa tayari, usibishane naye mbele ya wazazi wake. Kunywa maji waliyokupa, aga kwa adabu, rudi Kirumba ukasonge ugali wako mwenyewe, na Jumamosi inayofuata panda basi tena.

Bi. Bimdogo