Fenda za Kamba ya Kijani

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Suhaib wa karakana ya boti kaleta fenda nyingine, gunia zima. Ni maboya ya kuning'iniza ubavuni mwa boti zisijigonge gatini. Kazi yangu ni kuyatia kamba. Ilikuwa kazi ya Faraji, mume wangu. Sasa Faraji yuko makaburini Bunju na mie niko eda, sitoki, basi kazi inanifuata ndani. Suhaib anasemea nje ya pazia, mama mkwe anapokea.

Sijisikii kitu. Majirani wanasema nimejaliwa subira. Subira gani! Ni ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Jumatano, 7 Agosti
Gunia la leo lina fenda zilizokwisha fungwa! Nikadhani nimerudishiwa kazi, nimeharibu — basi ndiyo imekwisha, nitakula nini? Nikazitazama vizuri. Kamba ya kijani. Mie sijawahi kupewa ya kijani.

Lakini fundo ni lile lile. Faraji alikuwa na kosa lake: ncha anaichomeka kati ya nyuzi za kamba inavyotakiwa, halafu ile ya mwisho anairudisha kinyume. Mafundi wenzake walimcheka, hakuacha. Alinifundisha hapa uani, mwezi wa kwanza wa ndoa. Akaapa hajamwonyesha mtu mwingine.

Hizi zote zimerudishwa kinyume. Na mkono si wake. Yeye alikuwa anakaza mpaka kamba inalia. Aliyefunga hizi ana nguvu kama zangu.

Alhamisi, 8 Agosti
Mama mkwe kaenda Mbagala kumtazama dada yake, kama kila Alhamisi. Nimepika. Sikula.

Ijumaa, 9 Agosti
Suhaib kafuata lile gunia. Anasema samahani dada, dereva kachanganya, hizo ni za mama mmoja wa Mbagala. Nikauliza kupitia pazia: nani kamfundisha?

Suhaib akasema, "Dada Zubeda... yule mama naye yuko eda."

Mama mkwe akainuka, ati anatazama maharage. Maharage tulishayaepua zamani.

Nikangoja hasira. Nilikaa tayari kabisa kuipokea, kama mgeni aliyepiga simu kwamba yuko njiani. Haikuja. Nikachukua fenda nyingine.

Jumapili, 11 Agosti
Mama mkwe kasema mwenyewe, sikumwuliza. Yule wa Mbagala jina lake Munira. Ndoa yake na Faraji ina miaka minne. "Dada" wa Alhamisi ndiye huyo huyo.

Nikadhani amemaliza. Kumbe ana ombi. Eda zetu zinaisha siku moja — si mume ni mmoja! Na wa kutuogesha na kututoa ni yeye. "Mie ni mmoja, mwanangu. Nikuogeshe wewe, yule nimwachie nani? Hana mama. Niruhusu nimlete hapa, mtoke pamoja."

Mbele yangu fenda kubwa, ile inayotaka watu wawili, mmoja avute, mwingine achomeke. Siku zote navuta kwa meno. Nikamwambia, mama, nishikie hapa kwanza.

Kashika. Kavuta, kalegeza pale pale panapotakiwa. Halafu akaikunja ile ncha ya mwisho kinyume, kabla sijamwambia.

Humu ndani hajawahi kunishikia kamba hata siku moja. Kumbe Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kushika.