Msimamizi wa Ntwali

Columbia Heights, Minnesota
23 Machi 2025

Kwako Dada Tumpe,

Shikamoo dada. Kabla ya yote pokea salamu za nyumba yangu nzima. Sisi huku tu wazima. Baridi imetutesa lakini haikutushinda, na Generosa anasema nikuambie goti lake limepona kwa ile dawa yako ya kuchua. Mimi nadhani limepona kwa sababu alipumzika, lakini sitaki ugomvi. Vipi presha yako, imeshuka? Na shemeji, bado anapanda mwenyewe juu ya paa kuziba mabati kana kwamba hana vijana? Mwambie shemeji yake wa Marekani amekataza.

Umeniuliza kwenye simu, ukaniuliza tena, kama ukate kile kitenge cha wasimamizi au usikate, na mimi nikawa nakujibu habari za theluji. Ulikasirika, na una haki. Ila simu yako husomwa na nyumba nzima, ndiyo maana nimeona niandike, na Lusajo wa mjomba atakukabidhi barua hii mkononi. Swali lako ni fupi: je, mimi na Generosa tutasimamia ndoa ya Ntwali au hatutasimamia? Jibu lake linapitia kazini kwangu, kwa hiyo nivumilie. Najua utasema barua zangu husomeka kama maelezo ya shahidi kituoni. Ndivyo nilivyofundishwa kuandika.

Ntwali ni yule kijana Mkongomani aliyekulia kambi ya Nyarugusu, ambaye siku ya Krismasi alikusalimia kwenye simu akakuita Mama Mukubwa, ukacheka mpaka ukakohoa. Ni askari wa zamu yangu, na bado yuko katika kipindi cha matazamio, maana yake ni kwamba akifanya kosa zito jiji linaweza kumfukuza bila kesi ndefu. Mchumba wake ni Velma, Mkenya, nesi kwenye nyumba ya wazee huko Hopkins. Ntwali hana baba wala kaka upande huu wa dunia. Ndiyo sababu walikuja wote wawili nyumbani, wakaketi kwenye kochi wameshikana mikono, wakatuomba tuwasimamie. Nilifurahi, dada. Nilifurahi kuliko siku niliyovishwa usajenti.

Sasa tuje kazini. Jiji ninalolitumikia, ambalo jina silitaji kwa kuwa kiapo ni kiapo, mwaka jana liliamua kuupanga upya uongozi wa polisi wake. Zamani juu kulikuwa na wakubwa wengi na chini kulikuwa na masajenti wachache. Askari alikuwa na sajenti huyu leo, kesho yule, keshokutwa hana kabisa, na likitokea jambo kila mmoja alisema hakuwa wake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mkuu mpya alipokuja alifuta vyeo viwili vya juu na kwa fedha hizo akaongeza masajenti. Kila sajenti akapewa askari wake wachache, anaoingia nao kazini na kutoka nao, na hata siku za mapumziko ni zilezile. Ripoti ya kutumia nguvu haiendi popote kabla sajenti hajaisoma na kuitia saini. Tena kompyuta huchagua, kama bahati nasibu, rekodi za kamera za kifuani ambazo sajenti lazima azitazame. Askari akiharibu, wa kwanza kuulizwa ni sajenti wake.

Wenzangu hawakupenda. Brandon, sajenti mwenzangu wa zamu ya mchana, alisema aliingia polisi kukamata wezi, si kulea watu wazima wenye ndevu. Wengine walisema mpango huo utafanya askari wamwogope sajenti kuliko mhalifu. Mimi niliupokea vizuri, na sababu yangu ilikuwa ya kijinga kidogo. Siku tuliyofundishwa nilikuwa nikijitafsiria moyoni neno lao la kazi hiyo, supervisor, na Kiswahili chake kikaja chenyewe: msimamizi. Nikakumbuka wewe na shemeji mlivyotusimamia mimi na Generosa pale Tukuyu, na jinsi mlivyokuwa mkija bila hodi tukinuniana. Nikajiambia kazi hii naijua, niliiona kwenu.

Mwezi uliopita rekodi moja ya Ntwali ilifika mezani kwa luteni. Inamwonyesha mzee mmoja, mfanyakazi wa kiwanda huko Fridley, amefungwa pingu kwa nyuma. Alikuwa amefananishwa tu na mtu mwingine, na baadaye aliachiwa. Mzee anasema jambo, Ntwali anamsukuma kwa mikono miwili, mzee anaanguka kifudifudi kwenye maegesho ya magari. Katika ripoti Ntwali aliandika kwamba mzee aliteleza kwenye barafu. Mimi nilikuwa nimeitia saini ripoti hiyo, maana barafu ilikuwepo kweli, na wakati wa baridi kila mtu huku huteleza.

Mbele ya luteni Ntwali hakubisha. Alisema alimsukuma, na alisema aliandika uongo. Wamemnyang'anya bunduki na beji, amewekwa ofisini kupokea simu, na hatima yake itaamuliwa baada ya Pasaka. Wapo wanaosema atafukuzwa. Wapo wanaosema ataongezewa matazamio kwa kuwa alikiri. Mimi niliandikiwa onyo kwa ile saini, na nimelikubali.

Kituo kizima kilisema ni bahati mbaya tu, kompyuta imemwangukia. Brandon alinipa pole kama niliyefiwa. Ntwali mwenyewe alikuja kwangu macho mekundu akaniambia, Mukubwa, kati ya rekodi zote hizo, mashini imeona yangu. Nikamshika bega.

Dada, mashini haikuiona. Niliipeleka mimi.

Ilikuwa hivi. Yule mzee alikuja kituoni kuulizia kofia yake ya sufu, ya rangi ya chungwa, iliyopotea siku aliyokamatwa. Hakulalamika jambo lingine lolote. Nilifungua rekodi nione kofia ilianguka wapi, basi. Nikaona ilivyoanguka, na nikaona kwa nini. Nilikwenda hadi pale maegeshoni nikaikuta imeganda chini ya theluji iliyosukumwa kando, nikaikausha kwenye bomba la joto la ofisini, nikampelekea mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakusema kwamba alisukumwa. Akanijibu kwamba kofia alijua anaweza kuipata.

Rekodi hiyo haikuwa kwenye orodha ya kompyuta. Ningeifunga, hakuna ambaye angejua, na Ntwali angeoa akiwa na kazi yake. Nilikaa nayo siku kadhaa nikisali sala zisizo na kichwa wala miguu. Kilichoniamua ni msemo wa mama, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilimwona Ntwali mwaka wa tano, wa kumi, ameshakuwa mzoefu wa barafu. Nikaipeleka.

Lakini kumwacha aamini mashini nikashindwa. Siwezi kushika pete ya mtu huku nimeficha kisu. Nikawaita yeye na Velma nyumbani, wakaketi kwenye kochi lilelile, nikawaambia yote. Ntwali alisimama, akavaa koti, akasema kwamba baba yake aliuawa na watu waliojulikana, na yeye alidhani amepata baba mwingine. Kisha akasema atatafuta msimamizi anayejua maana ya kusimama na mtu. Akatoka bila kufunga mlango. Iliniuma, dada, na inaniuma mpaka sasa. Ndipo nilipoanza kukujibu habari za theluji.

Juzi Velma alimpigia Generosa. Alisema kwao Kenya wasimamizi huitwa best couple, na watu huchagua walio na gari zuri la kupambwa. Alisema anampenda Ntwali, hajawahi kumwinulia mkono, na anaamini hatamwinulia. Lakini, akasema, yule mzee aliteleza kwenye barafu. Siku Ntwali atakaposema kwamba mke wake ameteleza bafuni, nani atakwenda kuangalia? Ameshamwambia Ntwali kwamba tusiposimamia sisi hakuna harusi, na Ntwali akasema sawa.

Basi jibu lako ndilo hilo. Kata kitenge, dada. Kiunoni mwangu ongeza kidogo, huku tunakula ovyo. Harusi ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, na Lusajo atarudi nacho.

Ntwali bado hasemi nami. Kazini akinipita huangalia ukuta. Siku hiyo atasimama ubavuni pangu akitazama mbele kama yuko kwenye gwaride, na mimi sitamlazimisha. Ila pete itakuwa mfukoni mwangu, na mchungaji atakapoiitisha, hana njia ya kuipata isipokuwa anigeukie na kuninyooshea mkono.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na wote wanaoniulizia kanisani. Generosa anasema ukiweza umpe Lusajo na ile dawa ya goti, kwani imekwisha, jambo linaloonyesha kwamba mimi ndiye niliyekosea. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana. Ndaga fijo, asante sana, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Gwakisa