Nani Anagusa Eko?

Jumapili, 8 Juni 2025

Pentekoste, na mimi nimeaibishwa mbele ya parokia nzima! Nimetoka kidogo tu kwenye miksa, mashine ya sauti ya kwaya ninayoisimamia, kupeleka sadaka yangu mbele kama Mkristo mwingine yeyote. Shangazi Fransiska akapanda kwenye solo yake — spika zikapiga mluzi, watoto wakaziba masikio, mzee mmoja akatoka nje kabisa. Nikakimbia. Kitufe cha eko, yaani cha mwangwi, kimezungushwa mpaka mwisho! Mimi nilikiacha chini. Chini kabisa!

Mwalimu Wolfgang, mwalimu wetu wa kwaya, akanigeukia kwa jicho lile, mkono wake bado uko hewani unaongoza. Baada ya misa akasema, wote wakisikia, kwamba tamasha la kwaya la Katesh, tarehe 21, litarekodiwa na hataki mchezo. Ikitokea tena analeta fundi kutoka Babati.

Fundi kutoka Babati! Mashine hii nimeikuta kwenye boksi, hakuna aliyejua hata waya wa maiki unaingia wapi.

Jumanne, 10 Juni

Konsolata, mwenyekiti wa kwaya, kapata jibu. Kile kisanduku cha eko kilinunuliwa kwenye baa iliyofungwa kule Katesh, kwa hiyo kina roho ya baa. Kibarikiwe.

Nikamweleza kwa heshima. Mama, miksa yetu ni ndogo, haina mwangwi wake ndani. Sauti inatoka kwa waya huu, inaingia kwenye kisanduku, inarudi kwa waya huu mwingine ikiwa na mwangwi. Mimi naamua irudi kiasi gani. Basi. Roho inapita wapi? Akasema nisibishane na watu wazima.

Padre kaja. Na padre wetu hana choyo na maji ya baraka — kamwaga! Juu ya kisanduku chenye umeme! Nikapiga kelele katikati ya sala, nikachomoa waya. Sasa kijiji chetu chote cha Tlawi kinajua kwamba Hilda amekataa baraka.

Kisanduku kiko jikoni kwetu, karibu na mafiga. Kinakauka pamoja na soksi za baba.

Ijumaa, 13 Juni

Kimekauka, kinafanya kazi. Leo mazoezini nikaweka eko kidogo, kama chumvi kwenye mboga. Shangazi akaimba, lakini akawa anakohoa, akasema ni baridi. Kweli ukungu haujatoka tangu asubuhi.

Nikaenda sakristia kuazima ekstensheni. Kurudi — juu tena! Konsolata anasema ni maji ya baraka yanafanya kazi. Jamani! Maji yanazungusha vitufe tangu lini?

Namjua anayefanya hivi. Ni Wolfgang. Yeye anapenda zile nyimbo za mjini ambazo mtu akiimba "Bwana" unasikia wana-wana-wana mpaka beti inayofuata. Nimebandika plasta juu ya kitufe. Tuone.

Jumapili, 15 Juni

Plasta imebanduliwa!!

Leo sikunyamaza. Nikamwambia Mwalimu mbele ya kwaya yote: acha mkono wako mbali na mashine yangu. Sauti ya mtu iende watu waisikie, siyo kuizamisha kwenye mwangwi kama mtu anayepiga kelele kisimani. Shangazi wangu ana sauti ambayo imefungisha ndoa na kuzika nusu ya watu wa hapa, haihitaji kufunikwa!

Akasema hajagusa. Akaapa. Mtu mzima anaapa uongo kanisani! Kila mtu akatazama chini. Shangazi alikuwa mstari wa mbele, anafunga kitenge chake, anakifungua, anakifunga tena.

Jumatano, 18 Juni

Wolfgang haitikii shikamoo yangu. Konsolata kaja nyumbani, kamwambia baba nikaombe msamaha, la sivyo fundi wa Babati anapigiwa simu kesho.

Siombi! Niombe kwa kosa gani?

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda chumba cha kwaya mapema kufunga nyaya za safari. Nikasikia mashine imewashwa. Shangazi yuko peke yake, maiki mkononi, anajaribu ule mstari wa juu. Bila eko. Sauti ikapanda, ikafika pale, ikakatika. Akarudia. Ikakatika. Ikatoka hewa tupu. Kisha akanyoosha mkono, mkono wenyewe ule uliokuwa unanisuka nywele, akazungusha kitufe mpaka mwisho, akaimba tena. Ufa haukusikika. Ulimezwa.

Nilisahau hata shikamoo. Nikasema: ni wewe?

Akasema tangu kile kikohozi cha masika sauti haijarudi. Kwamba bila hiyo eko anabaki uchi. Kwamba Wolfgang akijua atampa solo Oliva, msaidizi wake kwenye kwaya, na yeye Shangazi hana kitu kingine ambacho watu wanamwita kwa ajili yake.

Nikamuuliza: ulisikia nikitukanwa?

Nilisikia, mwanangu.

Ukanyamaza?

Nilinyamaza.

Nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Mimi nimemsingizia Wolfgang mbele ya watu! Ningelia, lakini yeye alianza kabla yangu, na kukawa hakuna nafasi ya wawili. Anataka Katesh niiache juu, nisimwambie mtu. Nilifunga nyaya, nikaondoka.

Jioni nimekwenda kwa Mwalimu kuomba msamaha. Sikusema sababu. Akanikaribisha chai, jambo ambalo limenikera zaidi.

Jumamosi, 21 Juni — Katesh

Upepo wa mlimani, maturubai yanapigapiga. Kwaya ya Gehandu iko jukwaani, sisi tunafuata. Miksa iko mezani kwangu, siyo kwa fundi wa Babati.

Na sasa hivi Wolfgang kaja, kavuta kiti, kaniambia kwa upole! Kwa upole! Amefikiri usiku kucha. Nilikuwa na haki, sauti ya Fransiska ni ya kusikika yenyewe. Leo hakuna eko kabisa kwenye solo. Oliva ataongoza kwaya, yeye atakaa hapa pembeni yangu kuhakikisha hakuna mtu anayegusa.

Wiki nzima nimepigania hili. Siku zote hizo alikuwa na kichwa kigumu, kachagua leo kunisikiliza!

Gehandu wameshuka. Wetu wanapanda. Shangazi yuko kwenye maiki, kavaa kitenge kipya cha kwaya, anaigonga kwa kidole. Hamtazami Wolfgang. Ananitazama mimi. Taa nyekundu ya wanaorekodi imewaka.

Kinanda kimeanza. Mkono mmoja unaandika, mwingine uko juu ya kitufe, na Mwalimu anauona. Ananiambia, Hilda, weka kalamu chini, anaanza sasa hivi.

Siiweki. Nikiiweka huu mkono mwingine itabidi ufanye kitu. Anavuta pumzi, ananitazama. Naiweka kalamu.