Kiti cha Masanja

Kahama, Jumamosi jioni

Namba saba alisimama. Kiti chake cha magurudumu kilipinduka, naye akainuka kwa miguu yake miwili, akakiweka sawa na kukaa tena. Watazamaji katika uwanja wa Nyasubi wakaangua kicheko: "Muujiza! Mchungaji yuko wapi?"

Mimi sikucheka. Timu hii ya mpira wa kikapu ni ya watu wenye ulemavu. Mama Doto, aliyeianzisha, anatumia kiti tangu utotoni. Nimeandika habari zake gazetini miaka sita, na nilimwamini.

Jioni hiyo walikuja wageni wa mgodini, naye akawaweka vijana wazima kwenye viti. Masanja, aliyepoteza mguu duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipoporomoka Bugarama, alikaa pembeni na jezi mkononi. Kiti kile cha namba saba ni chake.

"Shikamoo Mama. Mbona Masanja hachezi?"

"Marahaba baba. Masanja mzito. Wageni wakiona kasi watatuongezea viti, naye atacheza."

"Si ndivyo walivyokuwa wakikuambia wewe ulipotaka kucheza? Subiri?"

Akageuza uso. "Usiandike hilo. Wewe ni wa kwetu."

Hilo ndilo lililoniuma. Alidhani miaka yote sita nilikuwa namsaidia kuficha makosa yake.

Nilimpigia Masanja kabla ya kutuma habari. "Kaka, usimtaje Mama," alisema. "Nilikuwa nimejifungia ndani mwaka mzima. Yeye ndiye aliyekuja kunitoa."

Nimemtaja. Masanja hajapokea simu yangu tena.